Tangazo la Kumrudisha Nirvair

Dhada Bet, wilaya ya Hoshiarpur
2 Machi 2018

Kwa Nirvair Singh, huko Italia kwenye ng'ombe wa watu

Usishtuke kuona mwandiko huu. Ni wangu mwenyewe, sikumwajiri mtu. Herufi nilifundishwa jeshini na sajini mmoja mwenye jicho moja, akasema katika kikosi kizima hajaona mkono mzito kama wangu wala kichwa chepesi kama changu. Ukikutana na neno lililopinda wewe lisome hivyo hivyo, litanyooka mbele ya safari.

Niliapa ndani ya gurudwara, hekaluni kwetu, kijiji kizima kikisikia, kwamba sitaongea nawe tena mpaka siku ya kuchomwa kwangu. Kiapo hakijavunjika. Kuandika si kuongea. Nilichoapia ni ulimi, mkono sikuutaja.

Sasa sikiliza. Navreet, binti wa marehemu mdogo wako, yule uliyemwacha hana meno ya mbele, amekuwa daktari. Mdogo wako alipofariki nilimlea mimi, kwa maziwa ya nyati wangu wa kufugwa na kwa ukali wangu, na matokeo unayaona. Anataka kuwa daktari bingwa wa watoto. Alifanya mtihani wa taifa akafaulu, lakini alama hazikutosha kwa nafasi za kawaida, maana nafasi ya watoto inagombaniwa kama kuku elfu kwenye punje moja. Zipo nafasi nyingine chache, zimetengwa kwa familia zenye ndugu anayeishi ng'ambo. Ndugu wa damu. Anaonyesha kibali chake cha ukaazi, anatia sahihi kwamba huyu ni mtoto wa nyumba yetu na karo ni juu yangu, basi.

Kila nyumba hapa ina mtu Kanada. Hata Lachhman mwenye punda ana mpwa Birmingham. Mimi niliyechimba kisima cha mashine kabla ya wote, nina wewe tu.

Tatizo ni kwamba nilikukana gazetini. Gazeti la Jalandhar, ukurasa wa nne, nililipia mwenyewe. Likishasema huna uhusiano na nyumba hii, huna, serikali nayo husoma gazeti. Anayeweza kukurudisha ni mimi peke yangu, na mimi nina sharti. Nilimpa Chanan Singh neno langu kwamba utamwoa binti yake. Wapishi wa ladu, vitamutamu vya harusi, walikwisha washa majiko, wewe ukapanda ndege. Andika kwamba ulikosea. Ukiomba msamaha nitakurudisha kwa tangazo kubwa kuliko nililokutolea.

Mtoto hajui kwamba nimekuandikia. Fanya haraka.

Bakhtawar Singh


Karibu na Cremona
25 Machi 2018

Mwanangu Navreet,

Naituma kwenye duka la dawa la rafiki yako kama zile nyingine, maana kwenu hata simu ikilia Babu yako hutega sikio kabla mwenyewe hajaipokea.

Ameniandikia. Nilikuwa zizini kwenye ukamuaji wa jioni, Doina akaja na bahasha ameishika kwa ncha za vidole. Akaniuliza, "Nani amekufa kwenu?" Nikamwambia hakuna, ni Baba. Akasema, "Basi mbona umekaa chini kwenye samadi?"

Mkono wake unaandika kama anavyotembea, fimbo kwanza. Anasema mlango umefungwa na ufunguo anao yeye, na hatafungua mpaka niombe msamaha. Hajui kwamba mimi na wewe tulikwisha pita dirishani. Hati ya kiapo nilitia sahihi tangu Januari, kwenye ubalozi mdogo kule Milano. Kibali cha ukaazi umepata nakala. Yule mzee bado amesimama mlangoni na ufunguo wake.

Msamaha wenyewe nimejaribu. Jumapili nzima nilikaa na kalamu. Kuondoka bila kumuaga, kwa hilo namwomba radhi hata kwa magoti. Lakini yeye hataki hilo, anataka niseme nilikosea kutomwoa binti wa Chanan Singh. Doina amekaa mbele yangu anamenya viazi. Nitaandikaje, mwanangu, kwamba najuta sikuoa mwingine, na huyu ananiuliza kama chumvi imetosha?

Kama ukiona ni busara umwambie ukweli, mwambie. Wewe ndiye unayekaa naye.

Baba yako Mkubwa,
Nirvair


Hoshiarpur
4 Aprili 2018

Baba Mkubwa,

Nagusa miguu yako, na ya Mama Mkubwa Doina.

Habari njema kwanza. Kamati ya udahili imekubali karatasi zetu zote. Cheti cha ukoo alinitolea mkuu wa kijiji, kimya kimya, akanikunjia kwenye mfuko wa mbegu. "Mimi sijakuona na wewe hujaniona," akasema, "babu yako akijua umepita kwangu atanitukana mpaka ukoo wa saba." Jina langu liko kwenye orodha ya awali ya chuo, nafasi moja ya watoto, namba moja mimi. Mzunguko unafungwa tarehe 18 Mei. Ikipita siku hiyo, nafasi inamwangukia anayefuata.

Kuhusu lile tangazo la zamani, nilimuuliza wakili wa mjini. Akacheka. "Binti, kama gazeti lingekuwa linakata damu, nusu ya Punjab ingekuwa yatima. Nani amekuuliza habari zake?" Hakuna aliyeuliza. "Basi mfa maji asimwamshe mamba aliyelala."

Kumwambia Babu nilijaribu. Juzi wakati wa chakula nilianza, "Babu, na kama mambo yangu yangekwenda tu, bila…" Akaweka chapati chini. "Bila mimi? Katika nyumba hii kuna jambo gani limewahi kwenda bila mimi?" Mama akanikanyaga mguu. Nikasema bila pilipili, Babu, hii mboga ingefaa bila pilipili.

Tutamwambia ikishakuwa tayari, nitakapokuwa na barua ya chuo mkononi. Nitamwambia ni kwa sababu yake. Hatauliza sana, atapenda kuamini.

Lakini kila asubuhi anamsubiri tarishi barabarani amevaa kilemba kisafi, kile cha rangi ya waridi cha harusini. Tarishi akipita bila kusimama anajifanya alikuja kuangalia mfereji. Siwezi kumtazama. Mwandikie lolote, Baba Mkubwa. Hata kama si lile analolitaka.

Navreet


Karibu na Cremona
15 Aprili 2018

Baba,

Nagusa miguu yako.

Barua yako nimeipata, na hakuna neno lililopinda.

Huku nakamua ng'ombe mia mbili na wengine wanne. Mashine ndiyo inakamua, mimi nafuta viwele na kuwaita majina. Mmoja nilimpa jina la yule nyati wetu mwenye pembe moja.

Kwa mtoto nitatia sahihi popote atakapotaka, na karo ni juu yangu, hilo lisikunyime usingizi.

Kuhusu lile uliloniambia niandike, Baba, nimekaa nalo siku nyingi. Sijui linaandikwaje. Niliondoka bila kukuaga na hilo limenikaa kooni tangu nilipopanda ndege. Mengine sijui yanaandikwaje.

Mwanao,
Nirvair


Dhada Bet
3 Mei 2018

Kwa Nirvair Singh, mwana wa Bakhtawar Singh

Umeona nilivyoanza barua. Sasa ni halali, ipo gazetini.

Barua yako niliisoma mara nyingi. Umesema hujui linaandikwaje. Mtu asiyejutia hujua kuandika vizuri sana, niliwaona jeshini, walikuwa wanaandika maelezo kurasa tatu. Anayejuta kweli kalamu humkwama. Kwa hiyo nimeikubali kama msamaha. Mimi si mtu wa kinyongo, ulizia kokote.

Nikapanda basi mpaka Jalandhar bila kumwambia mtu. Pale dirisha la matangazo yupo kijana mwenye miwani. Nikamwambia nataka tangazo la mwana. Akachomoa karatasi iliyokwisha pigwa chapa. "La kumkana, mzee? Jaza jina tu, maneno yapo." Nikasema la kumrudisha. Akaniangalia. Akamwita mkubwa wake. Mkubwa wake akasema, "Mzee, nina miaka ishirini kwenye dirisha hili. Nimetoa wana wengi kuliko shule ya serikali. Kumrudisha sijawahi. Linaandikwaje hilo?"

Nikamwambia andika, nitakusomea. Nikalisoma kwa sauti, foleni nzima ikasogea kusikiliza. Limetoka jana, na picha yangu, ile ya medali:

"Mimi Bakhtawar Singh, mwana wa Kehar Singh, wa Dhada Bet, niliyemkana mwanangu mkubwa Nirvair Singh mwaka 1999 na kumkatia kila uhusiano wa damu na mali, leo namrudisha kwa hiari yangu, ili mjukuu wangu Daktari Navreet Kaur apate kwa mgongo wake nafasi ya udaktari bingwa wa watoto. Watu wote wajue."

Mwishoni niliongeza "na mwenye wivu anywe maji ya moto", yule kijana akalikataa, akasema si lugha ya gazeti. Mambo ya vijana.

Leo asubuhi kituo cha maziwa kimejaa nakala. Lachhman akasema, "Bakhtawar, umemrudisha mwana au umefungua ubalozi?" Nikamjibu, "Wewe mpwa wako yuko Birmingham na punda wako bado ana upele." Wakacheka mpaka maziwa yakamwagika.

Navreet yuko mjini tangu juzi kwa mambo yake ya hospitali. Hajui. Wiki ijayo akirudi nitamwekea gazeti juu ya sahani badala ya chapati. Nataka nimwone uso.

Sasa tia sahihi. Mlango uko wazi.

Baba yako,
Bakhtawar Singh


Hoshiarpur
9 Mei 2018

Baba Mkubwa,

Simu yako haipokelewi, najua uko zizini. Naandika kwenye karatasi kwa sababu kwenye simu nafuta kila neno. Nitaipiga picha niitume kwa simu ya Mama Mkubwa Doina.

Babu amekurudisha gazetini. Yeye hajui amefanya nini.

Msichana aliye namba mbili kwenye orodha anatoka hapa hapa mjini, na baba yake husoma gazeti mpaka matangazo ya mbolea. Jana alikwenda kwenye kamati na nakala mbili, hili jipya na lile la 1999, maana jipya lenyewe limetaja mwaka, akalitafuta maktaba. Nikaitwa. Mwenyekiti si mtu mbaya. Akanisomea polepole. "'Kumkatia kila uhusiano wa damu na mali.' Haya ni maneno ya babu yako? 'Ili apate kwa mgongo wake nafasi.' Na haya?" Nikasema sheria haitambui tangazo kama hilo. "Najua," akasema, "damu haikatwi na gazeti. Lakini hizi nafasi ni za familia, Daktari, si za sahihi. Mwenzako anasema huyu mtu wa Italia ameokotwa kwa ajili ya karatasi. Babu yako anasema hivyo hivyo, tena kwa picha. Mimi nitaandika nini?"

Ametupa mpaka tarehe 18. Anataka kuwaona wote wawili mbele yake, baba na mwana, awaulize mwenyewe. Akiridhika atatupilia mbali lile pingamizi.

Njoo. Najua ni msimu wa kuzaa kwa ng'ombe. Njoo.

Nilipofika nyumbani gazeti lilikuwa juu ya sahani. Babu alikuwa amesimama na mikono nyuma. Akasema, "Soma kwa sauti, mama yako asikie." Nikasoma. Nilipomaliza nikamwambia ni zuri. Akaenda kugawa ladu mpaka nyumba ya mwisho, na mimi nikakaa jikoni na Mama tumezima redio.

Kuhusu kamati nimemwambia tu kwamba wanataka kukuona wewe na yeye. Akasema, "Bila shaka. Wamesoma gazeti."

Navreet


Dhada Bet
11 Juni 2018

Kwa Nirvair Singh

Ulifika salama, mama yake Navreet kaniambia. Vizuri.

Nakuandikia kuhusu ile kamati ili usidhani nimesahau. Yule mwenyekiti ni mtoto mdogo. Nilipokuwa mpakani mwaka sabini na moja na risasi zinapita juu ya kilemba, yeye alikuwa hajafikiriwa. Nilimweleza habari za kisima, habari za medali, na kwamba katika ukoo wetu neno likitoka halirudi, ndiyo maana hata yeye anaweza kutuamini. Alisikiliza vizuri. Halafu akaleta maswali ya kipuuzi. Ofisi ya serikali si mahali pa michezo ya watoto. Mengine unayajua, ulikuwepo.

Kosa ni la yule kijana wa dirishani, alipaswa kunionya. Na la yule baba wa msichana mwingine, mtu mzima kukaa maktaba kutafuta aibu ya mwenzake. Na la Lachhman, ambaye alisema mbele ya watu kwamba tangazo ni zuri.

Kuhusu zile siku nne ulizokaa baada ya pale. Nilikuwa nimekuandalia kitanda cha uani kwa sababu kuna upepo, si kwa sababu nyingine. Asubuhi ya kwanza ulipochukua ndoo ukaenda kwa nyati, nilikuja nyuma yako. Nilimwambia nyati, "Huyu amekonda, huko hawampi siagi." Ukamwambia nyati, "Mwambie mzee magoti yake yamevimba, akamwone daktari." Nikamwambia, "Mwambie daktari ninaye nyumbani." Ukaendelea kukamua. Hapo ningetaka nyati aseme kitu, lakini nyati ni nyati.

Alikupa maziwa mengi kuliko anayonipa mimi. Labda ni kwa sababu ya majani mapya.

Alfajiri ulipoondoka ulimwambia, "Mwambie mzee ninakwenda, safari hii namuaga." Nilisikia. Nilikuwa nyuma ya ukuta wa samadi, nilikuwa nafunga kilemba, sikuweza kutoka nikiwa kichwa wazi.

Mjukuu wako, maana yake mjukuu wangu na mwanao, amekwenda Bathinda kufanya kazi. Hakusema atarudi lini.

Bakhtawar Singh


Bathinda
19 Julai 2018

Babu,

Nagusa miguu yako. Mama anasema umeniandikia mara mbili na unauliza kama tarishi wa huku ni mvivu. Barua zimefika. Sikuzijibu kwa sababu zote mbili zilikuwa juu ya yule kijana wa dirishani.

Kuna jambo lazima ulijue kutoka kwangu. Ulipomwandikia Baba Mkubwa kwa siri mwezi wa Machi, karatasi zangu zote zilikuwa tayari. Alikwisha tia sahihi tangu Januari. Mimi na yeye tulikuwa tunaandikiana tangu niko mwaka wa pili wa masomo. Nilikuficha. Niliona ukijua utasimama katikati, na niliogopa kukuaibisha, halafu nikaona ni rahisi kukuacha usubiri tarishi. Ningekwambia siku ile ya mboga, usingekwenda Jalandhar. Nalifikiria hilo kila siku ninapopanda ngazi za hospitali. Sehemu hiyo ni yangu, Babu, sikubebeshi.

Lakini sehemu yako siwezi kukubebea.

Mwenyekiti hakukuuliza swali la kipuuzi. Aliuliza, "Mzee, huyu ni mwanao?" Ukasema ndiyo, wa kwanza, alizaliwa siku ya mvua ya mawe. Akatabasamu. Akauliza, "Mnaongea?" Ukamwambia hapana, tangu 1999, na hamtaongea, umeapa. Ulilisema kama mtu anayeonyesha medali. Baba wa yule msichana akasema, "Si niliwaambia?" Hapo hapo mwenyekiti akamnyamazisha. Akaweka kalamu juu ya karatasi yangu, niliiona ncha ikigusa. Akasema kwa upole kabisa, "Mzee wangu, mwanao amevuka mabara mawili na bado amesimama. Mwambie akae. Neno moja tu, mbele yetu. Nitaandika kwamba ni familia."

Baba Mkubwa alikuwa anakutazama. Mimi nilikuwa nakutazama. Kiti kilikuwa pale.

Ulifungua mdomo. Nakumbuka nililihesabu hilo kama limekwisha kuwa. Halafu ukaufunga, ukamgeukia mwenyekiti ukasema, "Mwambie wewe. Ofisi ni yako."

Nililelewa na wewe. Najua kiapo kwako ni nini. Najua kwamba kama ungekuwa mtu wa kuvunja kiapo, ungekuwa umekwisha nivunjia mimi mengi. Ulipouza nusu ya shamba ili nisome, wote walisema utaacha katikati, hukuacha. Ni mkaidi yule yule. Sijui niwatenganishe vipi.

Hapa mimi ni daktari wa zamu. Nashona waliopigana harusini, napima presha. Mtoto akiletwa, namwandikia rufaa kwenda kwa bingwa. Nitajaribu mtihani tena mwakani, nikipata muda wa kusoma. Wengi husema hivyo mwaka wa kwanza.

Usiandike tena juu ya gazeti. Niandikie habari za nyumbani.

Navreet


Dhada Bet
2 Septemba 2018

Mjukuu wangu Navreet,

Umesema habari za nyumbani. Nyati anazaa mwezi ujao. Mama yako hajambo. Simu ya Baba yako Mkubwa hulia kila Jumapili, mama yako anaiweka katikati ya meza kwa sauti kubwa, na mimi nakaa. Nasikia mpaka vikombe vya kwao. Juzi yule mke wake aliuliza kitu kwa lugha yao, Baba yako Mkubwa akatafsiri, anauliza kama mzee anakula. Nikaitikia kwa kichwa. Mama yako akamwambia, "Ameitikia kwa kichwa."

Barua yako ninayo. Pale ulipoandika habari za kiti nimepasoma. Yote ni kama ulivyoandika.

Kuna habari nyingine, na hii si ya gazeti. Mtoto wa Lachhman, yaani mjukuu wake yule mdogo, alibanwa na pumzi usiku wa mvua. Gari halikuwepo, nikatoa trekta langu, Lachhman akampakata kwenye mkokoteni nyuma, tukafika hospitali ya chuo kunakucha. Kile chuo. Sikuchagua mimi, ndiko kulikokuwa na mashine ya hewa.

Daktari aliyetupokea alikuwa msichana mwembamba, macho mekundu kwa kukesha. Nesi alimwita jina nikalitambua. Ni lile lililokuwa chini ya lako kwenye orodha. Nilikwisha jiandalia maneno ya kumwambia siku nikikutana naye, nilikuwa nayo tangu Mei, mazuri sana, Lachhman aliyasikia kituoni akaniambia hayo yatamuua mtu.

Alimchukua yule mtoto mikononi kwa Lachhman kama anachukua yai. Akaweka sikio, akaweka kile kipimo, akamwambia nesi leta hiki leta kile, hakupandisha sauti hata mara moja. Alimwambia Lachhman, "Babu, nenda kanywe chai, huyu ni wangu mpaka jioni." Tulikaa pale siku tatu. Kila nilipoamka alikuwa yupo. Mara moja nilimwona ameegemea ukuta analala amesimama, kama tulivyokuwa tunalala mpakani.

Siku ya kuruhusiwa alinikuta nimempakata mtoto, Lachhman amekwenda kutafuta dawa. Akasema, "Mzee, unajua kumshika mtoto mgonjwa, kichwa umekiinua vizuri. Kwenu kuna daktari?"

Wewe unanijua. Mtu akiniuliza swali kama hilo huondoka jua limezama.

Nikasema yupo, mjukuu wangu.

Akafurahi. Akauliza, "Bingwa wa nini?"

Mtoto alikuwa anavuta kilemba changu. Nilimwacha avute. Yule daktari alisubiri, akadhani sikusikia, akauliza tena kwa sauti ya juu kidogo karibu na sikio langu. Halafu akaitwa kitanda kingine akaenda.

Mtoto amepona. Alimtibu vizuri, Navreet. Lachhman nimemwambia ni kawaida tu, daktari yeyote angeweza, na mama yako nimemwambia hivyo hivyo. Nimekuandikia wewe kwa sababu sina mwingine wa kumwambia kwamba alimtibu vizuri sana.

Babu yako,
Bakhtawar Singh